Moto Usio na Moshi

Julai ya mwaka 2004 nilikuwa na miaka 17, nikiishi kwa shangazi yangu mtaa wa Katandala, Sumbawanga. Aliyewahi kulala Sumbawanga mwezi huo hahitaji kusimuliwa baridi yake. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda wa Ufipa, katikati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Upepo wa usiku huko hauna pa kuzuiliwa. Blanketi moja halitoshi, na watoto wawili wa shangazi, wa kike wa miaka 6 na wa kiume wa miaka 9, walikuwa wakilala chumbani kwangu wakigombea moja.

Usiku huo shangazi alipokwisha kulala, nilitoka barazani nikawasha jiko la mkaa. Mkaa haukuwa wangu. Ulikuwa umetengwa kwa ajili ya kuchemshia maharage, na shangazi alikuwa akiuhesabu kama pesa. Nilisubiri makaa yakolee mpaka moshi wote ukaisha, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyojua tangu utotoni: kibaya ni moshi, moshi ukiisha jiko ni salama. Kisha nikaliingiza ndani. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika, nikakiziba kwa gunia. Chini ya mlango nikasokomeza khanga. Chumba kikawa na joto zuri, na watoto wakaacha kugombania blanketi.

Alfajiri niliamka kichwa kikigonga kama kinu, miguu haina nguvu. Nilitambaa hadi mlangoni, nikaufungua, nikaanguka kwenye ukumbi. Kishindo kilimwamsha shangazi. Yule wa kiume alitapika na kulia. Yule wa kike hakuitika. Shangazi alimbeba akamtoa uani kwenye baridi, akimwita jina lake tena na tena, naye akawa anapumua bila kufumbua macho. Jirani mmoja aliyekuwa na gari akawapeleka hospitali.

Nilibaki na yule mdogo wangu wa kiume. Nikamkalisha barazani, nikamfunika. Halafu nikaingia chumbani, nikatoa jiko, nikamwaga majivu shimoni, nikaling'oa gunia dirishani. Sikufanya hivyo kwa sababu nilijua jiko ndilo lililotuumiza. Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimeiba mkaa.

Hospitalini mhudumu alimuuliza shangazi swali sahihi kabisa: "Mlilala na jiko ndani?" Shangazi akajibu hapana. Alisema ukweli alioujua.

Mtoto alifumbua macho jioni, na siku ya tatu akarudi nyumbani. Lakini swali la nini kilitokea lilikuwa limebaki bila jibu, na kwetu swali la namna hiyo halikai wazi kwa muda mrefu. Jioni kabla ya usiku ule, bibi mmoja jirani alikuwa amewapa watoto viazi vya kuchemsha. Tulimwita Bibi Ulezi, kwa kuwa alipika pombe ya ulezi. Alikuwa mjane, anaishi peke yake, na macho yake yalikuwa mekundu muda wote.

Unaelewa maneno yalielekea wapi.

*

Watu wengi husimulia kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi": ukifika hapa, uuache nje. Jina hilo limeuletea mji sifa ambayo wenyeji tumechoka kuisikia kwenye mabasi, lakini halikuwaondolea watu hofu. Mwaka 1963 na 1964, muda mfupi baada ya Uhuru, vuguvugu la Kamchape lilipita katika vijiji vya Ufipa likiwasaka wachawi. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekuwa akifanya utafiti Ufipa wakati huo, aliliandikia makala iliyochapishwa mwaka 1968. Katika vuguvugu la aina hii vijana huwafichua watuhumiwa, na watuhumiwa mara nyingi ni wazee. Kamchape haijafa. Watu wa Kigoma na Rukwa bado wanalijua neno hilo.

Upande wa Kanda ya Ziwa jambo hili lina sura ya kutisha zaidi. Kwa miaka mingi Shinyanga na Mwanza zimekuwa na habari za vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yakitajwa kuwa alama yao. Wanaharakati na waandishi wa habari wameeleza mara nyingi chanzo cha wekundu huo. Ni moshi. Mwanamke aliyepika miaka 50 juu ya kuni au samadi kavu, ndani ya jiko lisilo na pa kutolea moshi, hawezi kuwa na macho meupe. Ajali ya jikoni iliyomtokea polepole kila siku tangu akiwa msichana ndiyo inayomhukumu uzeeni.

Bibi Ulezi hakuuawa. Watu waliacha kununua pombe yake. Usiku mmoja mawe yalipigwa juu ya bati lake. Kabla ya mwaka kuisha, mwanawe alikuja kumchukua akaenda naye Mpanda, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa. Nilisaidia kupakia vyungu vyake kwenye gari. Sikusema neno.

*

Mwaka uliofuata nilikuwa kidato cha tano. Mwalimu wa kemia alichora ubaoni tanuri la kuyeyushia chuma, akaeleza yanayotokea ndani. Mawe ya chuma ni chuma kilichoshikamana na oksijeni. Ili kukipata chuma, lazima oksijeni iondolewe. Mkaa unapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha, hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoinyang'anya mawe oksijeni yake. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba gesi hiyo haina rangi wala harufu na kwamba ni sumu. Ikiingia mwilini hung'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anaendelea kuvuta pumzi, lakini damu haibebi anachokihitaji. Kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi unazidi. Jiko la mkaa chumbani, alisema, linatosha kuua familia.

Nilikaa kipindi chote nikiwa nimeinamia daftari.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilianza kusoma historia ya nyumbani, na tanuri lile likanirudia. Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri. Tanuri lao kubwa liliitwa ilungu, kwa wingi malungu. Lilijengwa kwa udongo, mara nyingi karibu na kichuguu, likafikia urefu wa mita 3 hivi, na chini likazungushiwa matundu ya kuingizia hewa. Halikuhitaji mivukuto. Joto lilipanda juu, na lilivyopanda likavuta hewa mpya kupitia matundu ya chini, na moto ukajiendesha wenyewe kwa siku kadhaa. Chuma kilichotoka kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo ndilo lililotumia mivukuto, kisha kikafuliwa kuwa majembe na zana nyingine.

Padri Wyckaert wa shirika la White Fathers aliandika juu ya wahunzi wa eneo hili mwaka 1914. R. C. H. Greig aliandika tena mwaka 1937, wakati kazi yenyewe ilikuwa ikiishia, kwa kuwa majembe ya kutoka ng'ambo yalikuwa yameshajaa madukani. Miaka ya 1990 mwanaakiolojia Bertram Mapunda alichunguza mabaki ya matanuri hayo upande wa Nkansi. Hadi leo ukitembea Ufipa unaweza kukuta ilungu limesimama kando ya shamba la mahindi, limepasuka, likiota majani.

Kwa hiyo babu zangu walikuwa wakiitengeneza gesi ileile iliyotuangusha Katandala. Walihitaji iwepo, maana bila hiyo hakuna jembe. Lakini waliitengenezea nje ya kijiji, ndani ya tanuri refu lenye njia ya kuingiza hewa chini na njia ya kuitoa juu. Tena waliizungushia miiko: wayeyushaji walijitenga na wake zao, wanawake hawakuruhusiwa kukaribia, dawa ziliwekwa, maneno yalisemwa. Sitaki kuipamba miiko hiyo. Haikuwa kemia, na sehemu yake ilikuwa njia ya wanaume kulinda mali na heshima yao. Hata hivyo kila aliyeikuta kazi ile alijifunza jambo moja kabla ya mengine yote: moto huu una mahali pake, na una watu wake.

Mimi nilikuwa nimejenga ilungu chumbani, nikaziba matundu ya chini kwa khanga na ya juu kwa gunia.

*

Wageni waliandika kurasa nyingi juu ya moto wa wanaume. Moto wa wanawake, ule wa mafiga matatu, ulikuwa ukiwaka kila siku katika kila nyumba, na ndio ulioumiza watu wengi zaidi. Historia yake nimeikuta jikoni kwa bibi yangu, kijiji kimoja njia ya kwenda Laela.

Jiko la bibi lilikuwa kibanda chake pekee, mbali kidogo na nyumba. Kuta zilikuwa za udongo, na paa la nyasi lilikuwa jeusi kwa masizi. Moshi ulipenya kwenye nyasi taratibu. Juu ya moto aliningʼiniza mahindi ya mbegu ili wadudu wasiyaguse. Na jiko hilo lilikuwa na miiko yake. Usiruke mafiga. Usipite nyuma ya mtu anayesonga ugali. Mpini wa sufuria usielekee mlangoni. Anayeipua chungu lazima aseme "naipua" kwa sauti, hata kama yuko peke yake. Mtoto anayetambaa akiwa macho, awe mgongoni au awe nje. Ukimuuliza bibi kwa nini usiruke mafiga, atakwambia utakuja kukosa mume au mke. Ukweli ni kwamba anayeruka mafiga ipo siku ataangukia chungu.

Miiko hiyo haikumlinda kila mtu. Dada mmoja wa bibi alikuwa na kovu la pombe ya moto kutoka bega hadi kiwiko. Bibi mwenyewe alikohoa mpaka siku zake za mwisho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 peke yake, na kwamba kuungua huua watu kama 180,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi kama yetu. Jiko la zamani halikuwa salama. Ila hatari yake ilionekana, ilinuka na kuwasha macho, na kila hatari iliyoonekana ilikuwa imepewa neno la kuionya.

Kisha nyumba ikabadilika. Nyasi zikaondoka, bati likaja. Matofali ya kuchoma, dari, madirisha ya vioo. Kila mtu aliyeweza alijenga hivyo, na alifanya vema, kwa kuwa nyumba ya bati haivuji wala haishiki moto kwa cheche moja. Lakini paa la nyasi lilikuwa likipumua, na bati lenye dari halipumui. Hakuna aliyesema hivyo wakati wa kujenga. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni kubwa ya redio, Mtu ni Afya, iliyofikia watu kama milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana. Watu walifundishwa juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu. Moto wa jikoni haukuwa kwenye orodha ya maradhi hayo.

Na kuni nazo zikabadilika. Mafuta ya taa yaliingia na koroboi na jiko la mchina, yakaletwa nyumbani kwenye chupa ya soda, na mtoto mwenye kiu akaidhania soda. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na bei ikapanda kiasi kwamba wengi wakayaacha. Mkaa ulikuwa tayari ndani. Mkaa ulipendwa kwa sababu hauna moshi. Kwa kipimo cha bibi, moto usio na moshi ulikuwa umeshakwisha hatari. Tulichukua moto mpya tukautumia kwa miiko ya moto wa zamani, ndani ya nyumba ambayo haikuwepo miiko hiyo ilipotungwa.

*

Sasa inakuja gesi. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mitungi imefika Sumbawanga. Shangazi anao mmoja, na macho yake yanashukuru.

Gesi ya mitungi kwa asili yake inakaribia kutokuwa na harufu. Ile unayoinusa imetiwa makusudi. Machi 1937, mwaka uleule Greig alipoandika juu ya ilungu, shule moja ya New London, jimbo la Texas, Marekani, ililipuka kwa gesi iliyovuja chini ya sakafu bila mtu kuinusa. Watu karibu 300 walikufa, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo Texas ikaweka sheria kwamba gesi itiwe harufu, na wengine wakafuata. Harufu ile mbaya unayoisikia mtungi unapovuja ni onyo lililonunuliwa kwa maisha ya watoto wale. Ukiinusa, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti. Funga mtungi, fungua milango, toka. Na kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hulala chini, hivyo kufungua dirisha la juu peke yake hakutoshi. Mpira na maungio yake hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa mwali wa moto.

Jiko la mkaa, kwa upande wake, hakuna kiwanda kinachoweza kulitia harufu. Onyo lake ni maneno tu, na maneno hayo lazima mtu ayaseme. Mimi nimeyageuza kuwa mwiko wa nyumbani kwetu: jiko la mkaa halilali na watu. Lipikie nje, lizimwe kabla ya kulala, na baridi ijibiwe kwa blanketi la pili. Anayeamka na kichwa kizito chumba kikiwa na makaa, atoke nje kwanza, aulize baadaye. Na hospitalini useme kila kitu, hata ulichoiba.

*

Nilimwambia shangazi mwaka 2016, miaka 12 baada ya usiku ule. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha nne, mzima wa afya. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akaendelea kuchambua mchele kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mimi nisamehe usiniombe. Nenda Mpanda."

Bibi Ulezi alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Mwanawe alinikaribisha ndani, akanipa kiti, akanisikiliza. Nilimweleza jiko, gunia, khanga, swali la mhudumu na majivu niliyoyamwaga. Nilitegemea anifukuze. Alisimama, akaenda mlangoni, akawaita wanawe wanne kutoka uani.

"Baba, rudia," akaniambia. "Hawa wanajua bibi yao alitoka Sumbawanga kwa ajili ya uchawi. Rudia tangu mwanzo."

Nikarudia. Nilipomaliza, yule mdogo wao, wa miaka kama 8, aliuliza kama gesi hiyo inaonekana. Nikamwambia hapana. Akauliza basi mtu atajuaje. Nikamwambia, utajua kwa kuambiwa, ndiyo maana nimekuja.

Jioni hiyo mke wa mwenyeji wangu alipika maharage kwa mkaa kwenye kibaraza. Chakula kilipoiva na giza likaingia, yule mtoto alikwenda mwenyewe kulitazama jiko, akachota maji kwa kopo, akayamwagia makaa mpaka yakaacha kufoka.